Swali la lugha: "tunategemea" vichwa 5 au "tunatarajia" vichwa 5?

Mwalimu mmoja wa tuisheni anauliza hivi: hesabu za uwezekano anawaelezea wanafunzi kwa Kiswahili maana kwa Kiingereza wanakariri tu, sasa kasema "tukirusha sarafu mara 10 tunategemea vichwa 5", mwenzake kamkatalia, eti ni "tunatarajia". Nani yuko sahihi?

Mwalimu, kwa mazungumzo ya kawaida wote mko sawa. Bongo watu kila siku wanasema "nategemea kusafiri kesho" na wanaelewana vizuri kabisa. Ila kwenye mada hii mwenzako ana hoja, kwa sababu kutegemea lina kazi yake humohumo, tunasema matukio yasiyotegemeana, yaani mrusho wa kwanza hauamui chochote kwenye wa pili. Sasa umwambie mtoto sarafu haitegemei ilivyoangukia mwanzo, halafu mstari unaofuata useme tunategemea vichwa 5, si unamchanganya bure? Kutegemea liache hapo, kutarajia libebe thamani tarajiwa, yaani wastani wa matokeo ukirudia zoezi mara nyingi.

Lakini hata kutarajia lina shida yake na hii ndo nataka uiangalie kwa makini. Mtu akisikia "tunatarajia vichwa 5" anaelewa vitakuja 5. Wapi! Mirusho 10 ina matokeo 1,024 na yenye vichwa 5 kamili ni 252 tu, kama robo hivi, yenye vichwa 4 ni 210, yenye 6 nayo 210, vichwa vitupu 10 ni moja. Huo ndo mgawanyo wenyewe, na ile 5 ni wastani ukirudia zoezi zima mara nyingi sana. Wape mirusho 3 waone, thamani tarajiwa ni 1.5, na kichwa na nusu hakuna atakayekipata hata arushe mpaka usiku.

Kwahiyo ukiandika ubaoni usiishie kwenye "tunatarajia vichwa 5", andika "kwa wastani tunatarajia vichwa 5 katika kila mirusho 10", hilo "kwa wastani" usiliache.

Sentensi ninayoikataa kabisa ni hii, "mwenge umekuja mara 5 mfululizo, sasa kinatarajiwa kichwa" (mwenge ndo upande wa pili wa sarafu). Hapana, uwezekano ni nusu vilevile, sarafu haidaiwi. John Kerrich, mwanahisabati aliyekuwa anafundisha Afrika Kusini, akiwa kazuiliwa Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili alirusha sarafu mara 10,000 akapata vichwa 5,067. Vimezidi nusu kwa 67 na havikufidiwa, ila ukigawa unapata 0.5067, karibu kabisa na nusu. Kinachosogea ni ule uwiano, idadi haisawazishwi na mtu.

Halafu kuhusu "mwenge", hilo limetoka kwenye shilingi ya Tanzania ya 1966 yenye mkono ulioshika mwenge, siku hizi sarafu ya mia ina swala lakini kwa mazoea wengi bado tunasema kichwa au mwenge. Ukiwa na wanafunzi wa Kenya waeleze kwanza, sarafu zao za 2018 hazina kichwa cha mtu, upande mmoja nembo ya taifa na mwingine mnyama, ya shilingi 10 ina simba. Hao waambie tu nembo au mnyama, hesabu ni ileile.