Muulize Mtaalamu: Ripoti ya daktari ikitoka, kesi si imeisha?

SWALI: Habari za kazi. Hivi daktari akishaandika kwamba marehemu kapigwa na kitu kizito, si kesi imeisha hapo? Mbona mahakama inaendelea kuhoji watu miezi na miezi? Na huyo daktari ni wa polisi au wa nani?

JIBU: Haijaisha ndugu yangu, hapo ndo inaanza. Daktari anasema mwili umekutwa na nini, fuvu limepasuka hapa, damu imevujia pale, na jeraha linaonekana ni la kitu butu. Nani kapiga na alikusudia au la, hayo mwili hausemi. Ripoti inatenganisha vitu viwili ambavyo watu tunavichanganya sana: kilichomuua mtu, tuseme damu kuvujia kwenye ubongo, na namna kifo kilivyotokea, yani maradhi, ajali, kujiua, kuuawa au haijulikani. Hata akiandika kauawa bado hajamtaja mtu, na wakili wa mshtakiwa ana haki ya kumbana maswali mpaka jasho limtoke.

Daktari ni wa nani, inategemea nchi. Ureno wana taasisi ya taifa ya madaktari hawa chini ya Wizara ya Sheria, makao makuu Coimbra. Uingereza tangu 1194 kuna ofisa maalumu wa kuchunguza vifo vyenye utata, na ofisi yake haiko chini ya polisi. Marekani ni mchanganyiko, kuna sehemu ofisa huyo anapigiwa kura na wala si lazima awe daktari (hii mi hainiingii akilini kabisa). Naona bora daktari awe mbali na polisi, manake mtu akifia mahabusu nani atasema ukweli?

Na sayansi haiko upande wa mtu. Uingereza mwaka 1986, vinasaba (DNA) vilipotumika mara ya kwanza kwenye upelelezi wa mauaji, kwanza vilimsafisha kijana aliyekuwa keshakiri, muuaji mwenyewe alikuja kupatikana baadaye.

Halafu si mochwari tu, madaktari hawa wanapima pia walio hai, waliopigwa, waliobakwa. Ikikutokea nenda ukapimwe kabla ya kuoga, na nguo ulizovaa usizifue, zitie kwenye mfuko wa karatasi, wa plastiki unatunza unyevu na vinasaba vinaharibika. Ukikabidhi, hakikisha aliyepokea kaandika jina, tarehe na saa, pakiwa na pengo hapo wakili atalishikilia hilo hilo.