Unaacha Series 5 na huoni: lipia kasi ya sauti, kioo waachie wenye macho

Dada yangu, swali lako nimelisoma kwa makini kwa sababu njia unayotaka kuipita nami nimeipita. Umesema huoni kabisa, unatumia Apple Watch Series 5 iliyounganishwa na iPhone XR, na siku hizi VoiceOver, kile kisoma skrini cha Apple, kwenye saa imekuwa nzito: unagusa, unasubiri, halafu inakusomea kitu ambacho kidole kimeshakipita. Muuzaji anakushawishi uchukue Series 11, shemeji yako anakwambia uachane na Apple uhamie Galaxy Watch ya Samsung. Unataka kujua hela yako iende wapi.

Kabla ya saa, tuanze na simu, maana hapo ndipo wengi wanapokwama na muuzaji hatakwambia. Series 5 ni saa ya mwaka 2019. Iliishia watchOS 10 (watchOS ndio mfumo unaoendesha saa), masasisho makubwa yaliyofuata haiyapokei. Saa mpya za sasa, yaani SE 3, Series 11 na Ultra 3, zilitoka Septemba 2025 zikiwa na watchOS 26, na watchOS 26 inadai simu yenye iOS 26, yaani mfumo wa iPhone. iPhone XR yako iliishia iOS 18. Kwa hiyo ukienda dukani leo ukalipia Series 11, ukifika nyumbani haitaungana na simu yako hata ufanye nini. Utahitaji angalau iPhone 11, au iPhone SE ya kizazi cha pili, iliyokwisha kuwekwa iOS 26.

Ndiyo maana nakushauri bajeti yako uigawe mara mbili tangu mwanzo. Tafuta kwanza iPhone 12 au 13 iliyotumika lakini nzima, halafu saa ifuate. Na kama simu haibadiliki mwaka huu, basi tulia na Series 5 yako, punguza programu zilizojaa ndani yake, tumia uso wa saa wenye vitu vichache, uendelee kukusanya. Kununua saa kwanza ukitumaini simu itapatikana baadaye ni kufungia hela kabatini.

Sasa saa yenyewe. Muuzaji anapokusifia Series 11 anaanza na kioo: kinang'aa juani, hakizimi, kimesogea hadi ukingoni. Hivyo vyote vina maana kwa mwenye macho. Wewe na mimi tunachonunua ni muda kati ya kidole kugusa na sauti kutoka. Muda huo unategemea prosesa, na hapa kuna jambo la kukufurahisha: SE 3, Series 11 na Ultra 3 zote zina prosesa moja, S10. Bei zake Marekani zilipotoka zilikuwa dola 249, dola 399 na dola 799, kabla ya kuongezwa cha juu cha huku kwetu. Sauti itakayokujibu kwenye ile ya dola 249 ina mwendo uleule wa ile ya dola 799. SE 3 haina kipimo cha umeme wa moyo wala cha oksijeni ya damu. Kama daktari hajakwambia ufuatilie hivyo, sioni kwa nini uvilipie.

Kitu kimoja tu cha kioo ndicho kinachotuhusu, nacho ni ukubwa. VoiceOver inataka vidole viwili vikae pamoja kwenye kioo, kwa mfano kunyamazisha sauti au kusogeza ukurasa. Kwenye saa ndogo vidole vyangu vinabanana na kimoja kinaishia pembeni, saa inasoma mguso mwingine kabisa. SE 3 ina mm 40 na mm 44. Chukua 44 hata kama mkono wako ni mwembamba. Kuandika namba ya siri peke yake kutakufanya ushukuru.

Niseme kidogo kuhusu mikono, kwa sababu jambo hili watu wanaoona hawalifikirii. Ukitembea, mkono mmoja una fimbo nyeupe. Saa ukiivaa mkono wa fimbo, inatikiswa kila hatua na huwezi kuigusa bila kuhamisha fimbo. Ukiivaa mkono mwingine, kuigusa kunataka kidole cha mkono wenye fimbo. Vyovyote vile unasimama njiani, na njia zetu hazina mahali pa kusimama: nyuma bodaboda, mbele meza ya chungwa. Suluhisho langu limekuwa ishara za mkono zilizo ndani ya mipangilio ya VoiceOver kwenye saa. Nimevaa kushoto, fimbo kulia. Nikibana kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, saa inasogea kwenye kitu kinachofuata. Nikibana mara mbili haraka, inarudi nyuma. Nikikunja ngumi, inafungua. Hivyo nasoma ujumbe au napokea simu bila mkono wa pili kuhusika, na bila simu yangu kutoka mfukoni. Mtu asiyeona akitoa simu kituoni anajitangaza kwa vibaka. Kwangu hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kuvaa saa janja.

Zizoee ishara hizo nyumbani umekaa kwanza. Mwanzoni saa hukosa baadhi, hasa ukibana kwa woga. Bana kwa uhakika, mkono ukiwa umetulia, ndipo uje kuzijaribu barabarani.

Kitu cha pili ninachokipenda ni kujua saa kwa mtetemo. Inaitwa Taptic Time na ina mitindo mitatu, mmojawapo ni wa Morse. Mimi natumia ule mfupi kuliko yote: mtetemo mrefu mmoja ni saa tano nzima, mfupi ni saa moja, halafu mirefu inayofuata ni robo saa. Tuseme ni saa nne na nusu asubuhi, ambayo saa inaiandika 10:30. Utahisi mirefu miwili, kituo kidogo, halafu mirefu miwili tena. Kumi, na robo mbili. Msibani, kanisani, msikitini au kwenye kikao, hakuna anayejua kwamba umetazama saa. Ukitaka hadi dakika kamili kuna mtindo mwingine unaohesabu makumi na mamoja, ila ni mrefu. Saa 1:48 kwa mtindo huo inakuchosha kabla haijaisha. Mitetemo yenyewe iongezwe nguvu kwenye mipangilio, kuna chaguo la mtetemo mzito. Ukiwa ndani ya daladala inayotingishika, mtetemo wa kawaida unapotea.

Halafu hela. Hili lishughulikie siku ileile utakapoifungua saa, usingoje kesho. Ujumbe wa muamala ukiingia, saa inaweza kuusoma kwa sauti: kiasi, jina la aliyetuma, na salio lako lote. Fikiria uko dukani kwa Mangi, foleni nyuma yako, na mkono wako unatangaza salio. Nenda kwenye mipangilio ya arifa, washa ile inayoficha maudhui mpaka uguse. Arifa ikija utasikia jina la programu tu, mengine utayasoma ukiwa tayari. Nami naunganisha saa na hedifoni zile zinazopitisha sauti kwenye mfupa wa shavu, masikio yanabaki wazi kusikia magari. Hedifoni za kuziba masikio usizitumie barabarani kabisa, hata kama zina sauti nzuri kiasi gani. Masikio ndiyo macho yetu pale kwenye kivuko.

Kuhusu lugha nikwambie ukweli: Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, haijui Kiswahili. Sauti ninayotumia kwenye saa ni ya Kiingereza, na ujumbe wa Kiswahili inausoma kwa kuuvunjavunja. “Nimeshafika nyumbani” inatoka kama jina la mji wa Ulaya. Unazoea, ila ujumbe mrefu nausomea kwenye simu. Amri kwa Siri natoa kwa Kiingereza kifupi: weka kengele ya dakika ishirini, mpigie fulani. Saa zenye prosesa mpya, kuanzia Series 9 na sasa SE 3, amri nyingi za aina hiyo ya kwanza zinashughulikiwa ndani ya saa yenyewe, haziendi mtandaoni. Bando likiisha, kengele ya wali jikoni bado inawekwa.

Dira pia usiidharau. Ramani za kutembea kwenye mitaa yetu isiyo na majina zinasaidia kwa kiasi, lakini dira inasaidia kila siku. Nikishuka kwenye daraja la waenda kwa miguu kituo cha mwendokasi, ngazi zimenizungusha hata sijui uso wangu umeelekea wapi. Nageuka taratibu, dira inasema nyuzi na upande, nikisikia upande ninaoutaka naanza kutembea. Jitenge kwanza na nguzo za chuma, na mkanda wa saa usiwe wa sumaku, maana vyote viwili huipotosha. Mkanda wa kitambaa wa kubandika unafungwa kwa mkono mmoja na hauna tundu la kutafuta kwa kidole.

Chaji: SE 3 inahesabiwa saa 18, Series 11 saa 24, Ultra 3 saa 42. Hapa ndipo Series 11 ina hoja. Kama unatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, na umeme mtaani kwenu hauaminiki, nyongeza hiyo ina thamani kwako. Mimi nimeridhika na saa 18 kwa sababu SE 3 inapanda hadi asilimia 80 ndani ya dakika 45 hivi. Nikiingia kuoga na kunywa chai, imetosha siku. Zima kabisa kile kipengele cha kioo kuwaka muda wote, washa na pazia la skrini ili kioo kibaki cheusi huku sauti ikiendelea. Unaficha mambo yako kwa aliyekaa jirani. Chaja yake ni ya sumaku, inajivuta yenyewe mgongoni mwa saa, hupapasi tundu.

Na shemeji yako na Galaxy Watch? Hajakosea kuhusu saa, ila simu yako ameisahau. Galaxy Watch kuanzia ya 4 ya mwaka 2021 zinatumia Wear OS, mfumo wa saa wa Google, na zinaungana na Android tu. Haziongei na iPhone. TalkBack, kisoma skrini cha Android, imo ndani, na zile za Classic, yaani ya 4, ya 6 na ya 8, zina pete ya kuzungusha ambayo kwa mtu anayetegemea vidole ni raha kuishika. Ya mdogo wangu nimeishika, nikaipenda pete hiyo. Ungekuwa mtumiaji wa Android ningekwambia uanzie hapo, tena ukiwa na simu ya Samsung, kwa sababu vipimo kama cha umeme wa moyo vinadai simu ya Samsung. Lakini kuhama kutoka VoiceOver kwenda TalkBack ni kujifunza ishara upya kwenye simu na kwenye saa kwa pamoja. Kama iPhone inakufaa kazini, usihame kwa ajili ya saa.

Zile saa za bei ya chini zinazomwagwa barabarani ziache. Nyingi zina hatua, mapigo ya moyo na picha nzuri, lakini hazina kisoma skrini. Ukiuliza dukani wanakwambia “inaongea”, kumbe inapokea simu tu.

Kama utanunua iliyotumika, nenda na simu utakayoitumia na usilipe mpaka ziungane hapohapo mezani. Mwambie muuzaji aifute saa mbele yako na aitoe kwenye akaunti yake, kwa sababu ikibaki imefungwa na akaunti ya mwenye nayo wa zamani hutaweza kuitumia. Ikishawaka upya, bonyeza mara tatu kile kitufe cha kuzungusha ubavuni: VoiceOver itaanza kuongea, na kuanzia hapo huhitaji macho ya mtu. Kuunganisha, shika simu juu ya saa, kama urefu wa kiganja hivi, kamera ikiitazama, ungoje sauti ya kuthibitisha. Ikigoma, kuna njia ya kuandika namba. Zikishaungana ingia kwenye mipangilio ya betri usikilize afya yake. Ikiwa chini ya asilimia 80, mwambie apunguze bei au mwachie saa yake. Na kama bado una XR siku hiyo, uliza toleo la watchOS kabla ya bei: hata Series 9 au 10 ikiwa mwenyewe alishaipandisha hadi 26, haitaungana na XR, wala hakuna namna ya kuirudisha nyuma.