Jibu: Kuchanganya klorini, na hofu ya kujipima joto kila saa

Pole sana, ndugu. Umeuliza namna ya kuchanganya klorini ya kufutia meza na vitasa, na ufanyeje na hofu inayokusukuma kujipima joto kila saa.

Soma kwanza kibandiko cha chupa. Ikiwa ni ya asilimia 5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 9 vya maji baridi. Utapata asilimia 0.5. Kosa kubwa ni kuipaka juu ya uchafu. Uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijavifikia virusi, kwa hiyo sugua kwa maji na sabuni kwanza, kisha paka dawa uiache dakika 10, pakiwa bado majimaji. Ukipangusa papo hapo umefanya kazi bure! Tengeneza mpya kila siku, maana jua na muda huidhoofisha. Vaa glavu, fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa yenye amonia: gesi inayotoka huumiza mapafu. Mikono ioshe kwa sabuni tu, angalau sekunde 20.

Kipimajoto, asubuhi na jioni kinatosha. Ukitoka kunywa chai ya moto, subiri nusu saa kabla ya kupima mdomoni. Jioni mwili hupanda joto kidogo kwa kawaida, hiyo si dalili. Likifika 38, pigia simu kituo cha afya kabla hujaenda, wajiandae kukupokea. Pumzi ikibana, usingoje kipimo.