Shona kwanza, marinda baadaye

Mwaka wangu wa pili kwenye cherehani niliharibu mita sita za pamba za mteja. Alinionyesha picha ya nguo ya Issey Miyake, mbunifu wa mavazi kutoka Japani, akataka sketi ya marinda membamba vile vile. Nikakunja rinda moja moja, nikapiga pasi siku mbili, ndipo nikaunga mshono. Ilipendeza kweli. Akaifua mara moja tu, ikanyooka kama shuka.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nimfuatilie Miyake, nikagundua nilikosea mara mbili. Kwanza, kitambaa. Marinda yake hukaa kwa sababu ni poliesta: nyuzi zake hulainika kwa joto, na zikipoa zikiwa zimekunjwa, hushika umbo hilo hata zikifuliwa. Pamba ikiguswa na maji inasahau yote. Pili, na hili ndilo lililonishangaza, ni mpangilio wa kazi. Kawaida kitambaa hutiwa marinda kwanza, kisha hukatwa na kushonwa. Yeye akageuza. Nguo inakatwa kubwa mno, mara mbili na nusu hadi tatu ya saizi inayotakiwa, inashonwa hadi iishe, kisha inawekwa katikati ya karatasi na kupitishwa kwenye mashine ya joto. Linaingia gauni la jitu, linatoka la binadamu.

Hakufika hapo upesi. Alizaliwa Hiroshima mwaka 1938, akasomea sanaa Tokyo, akaenda Paris kufanya kazi kwa wabunifu wakubwa wa mitindo, Guy Laroche na Givenchy, yaani alianzia kwenye nguo za matajiri. Maandamano ya wanafunzi na wafanyakazi ya Mei 1968 yalimkuta huko huko, akaanza kufikiria nguo za watu wengi. Studio yake Tokyo aliifungua 1970. Mwaka 1991 marinda yake yalivaliwa na wacheza dansi wa mtunzi wa dansi William Forsythe kule Frankfurt, watu wa kuruka na kujiviringisha sakafuni, na Pleats Please, chapa yake ya nguo za marinda, ikatoka 1993. Toka 1970 hadi 1993, hesabu mwenyewe, wewe unayetaka jina kabla hujajua kutia zipu.

Kwa hiyo mteja akikuletea picha, usikimbilie tepu. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa chake uuchome. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, hiyo ni poliesta au ndugu yake. Ukiungua ukawa jivu, unanuka kama karatasi, mwambie ukweli kabla hujapokea hela. Kujizoeza, chukua kipande chepesi cha poliesta, kiweke katikati ya karatasi mbili za kaki, kunja pamoja kama feni, funga kamba, pika kwa mvuke nusu saa. Kisha kiache kipoe kabisa. Mimi nilikuwa nafungua kikiwa cha moto kwa pupa, marinda yanalegea mkononi.

Yule mteja nilimshonea nyingine ya poliesta, bure. Bado anaivaa, ila kila tukikutana analalamika kuwa inamtoa jasho.