Ndiyo, Mwanangu, Nami Ninazo

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umesimama mbele ya kioo na kibano mkononi, ukahesabu mvi 11 kwenye panja la kulia, ukang'oa 6, ukachoka. Halafu unaniuliza: "Mama, mimi nina miaka 27 tu. Wewe unakaribia 60 na kichwa chako cheusi tii. Ulitumia nini kuzizuia?"

Rangi, mama. Nilitumia rangi.

Unazikumbuka zile Jumamosi nilipokuwa najifungia bafuni, nanyi mnagonga mlango, nami najibu "bado kidogo" kwa saa nzima? Na lile taulo la kahawia lenye madoa meusi, mliloambiwa ni la kupigia deki ingawa hakuna aliyewahi kuliona likipiga deki? Basi ndiyo hayo. Mvi zilinianza nikiwa na miaka 26, wewe hujazaliwa. Bibi yako naye nilipopata akili nilimkuta na kichwa cheupe. Ukitafuta mchawi usiende mbali, ni damu yetu. Hata wanasayansi wamekubali: mwaka 2016 walitaja jeni moja iitwayo IRF4 kwamba ina mkono wake kwenye mvi, na si hiyo peke yake.

Sasa weka kibano chini nikueleze. Kila unywele unaota kutoka kwenye kijishimo ndani ya ngozi, na humo kuna seli zinazoutia rangi iitwayo melanini wakati unatengenezwa, kama mtu anayetia wino kwenye uzi unaompitia mkononi. Seli hizo nazo zina akiba ya kuzizalisha upya. Akiba ikipungua, au ikikwama isifanye kazi yake, uzi unapita bila wino. Kwa hiyo mvi si unywele mweusi uliopauka. Umetoka mweupe tangu shinani. Ndiyo maana nakucheka kidogo kwa ile shampuu uliyonitumia picha yake. Inaosha kitu ambacho kimeshakufa tangu kilipotokeza nje ya ngozi.

Kung'oa nako hakukusaidii. Si kweli kwamba ukiung'oa mmoja zinaota saba. Kijishimo kimoja hakiwezi kuwaroga majirani zake. Ila kitakachoota palepale kitakuwa cheupe vilevile, na ukirudia mara kwa mara kile kijishimo kinaweza kuumia kisiote chochote tena. Kwenye panja nywele ni nyepesi tayari. Nimewahi kujipa kipara cha ukubwa wa kidole gumba kwa mtindo huo, na kipara, mama, hakipakwi rangi. Ukikerwa sana na mmoja, ukate kwa mkasi mdogo.

Lakini kwa umri wako sitaki tuseme "ni damu" tukalala. Kwa watu wenye asili ya Afrika, mvi kabla ya miaka 30 huhesabiwa kuwa za mapema. Kwa Waasia ni kabla ya 25, kwa Wazungu kabla ya 20. Mara nyingi ni urithi tu, lakini wakati mwingine mwili unadai kitu. Nenda upime damu. Waambie waangalie vitamini B12, madini ya chuma, na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Ukiwa na upungufu wa B12 na ukatibiwa, kuna watu ambao nywele zao hurudisha rangi, na hata zisiporudi utakuwa umeokoa mishipa yako ya fahamu, maana upungufu huo hauishii kichwani. Ukiwa huna upungufu, usinunue vidonge. Mimi nilivimeza miaka miwili bila kupimwa, na mvi zikaendelea na safari yao kama hazijasikia kitu.

Halafu kuna lile jambo unaloamini silijui. Sigara. Nimekuzaa, mwanangu, najua harufu ya koti lako. Wavutaji huonekana kuota mvi mapema kuliko wenzao, na kama kuna kitu kimoja kilicho mikononi mwako katika habari hii yote, ni hicho. Nimekutajia siri yangu, nawe umetajiwa yako, tumelipana.

Ulisema pia ni mawazo ya kazi. Huenda yamo. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard walionyesha kwa panya kwamba msongo ukizidi, mishipa ya fahamu humwaga kemikali inayoimaliza ile akiba ya seli niliyokuambia. Mwaka uliofuata wengine wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwachunguza watu 14, unywele mmoja mmoja, wakakuta baadhi ya mvi zimerudi nyeusi. Mmoja wao nywele zake tano zilirudi wakati yuko likizo. Tano! Kwa hiyo likizo chukua, unaihitaji, lakini usiende nayo mbele ya kioo.

Tuje kwenye rangi, maana najua utapaka. Mimi ni nani nikukataze?

Mwaka wa nane wa kupaka kwangu, nilibadilisha pakiti. Ile ya kawaida ilikuwa imekwisha dukani, nikachukua nyingine nyeusi zaidi, nikaipaka usiku bila kuijaribu. Alfajiri niliamka masikio yamevimba, paji la uso limefura, na jicho la kushoto halifunguki. Nyuma ya shingo malengelenge yanatoa maji. Nanyi mkaambiwa Mama ameumwa na nyuki. Daktari hakuuliza hata swali la pili. Kemikali iliyoniumiza iko kwenye rangi nyingi nyeusi za kudumu, na pakitini huandikwa kwa herufi PPD au kwa jina refu linaloanzia na p-phenylene. Mwili unaweza kuivumilia miaka mingi, kisha siku moja ukagoma, na ukishagoma haurudi nyuma.

Kwa hiyo kila mara, hata kwa pakiti ileile, paka kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, usubiri saa 48. Ukiwashwa, tupa. Usipake siku uliyotia dawa ya kulainisha nywele. Ziachanishe kwa wiki mbili angalau, ngozi ipumue. Hina halisi ni salama kwa wengi, ila kwenye mvi inatoka rangi ya machungwa, jiandae. Na wakikuambia ni "hina nyeusi", kimbia. Hina haina weusi, na mara nyingi weusi huo ni PPD ileile.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kazi yake. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Ukipaka leo, baada ya wiki tatu kuna mstari mweupe unaochungulia kwenye njia ya nywele, na unaanza kukaa kwenye mikutano ukichagua kiti ambacho hakuna atakayesimama nyuma yako. Nimeishi hivyo zaidi ya miaka 30. Kilichonichosha ni hivyo viti kuliko rangi yenyewe.

Ndiyo maana ukija mwezi ujao usishtuke mlangoni. Nina miezi minne sijapaka. Juu ni nyeupe kama pamba, chini nyeusi, nafanana na brashi iliyochovywa. Ni kavu kuliko zamani, zinataka mafuta zaidi, lakini ngozi ya kichwa haijaniwasha hata mara moja. Ule weusi uliobaki nimeuacha makusudi ukate wewe, una mkono mwepesi.

Majibu ya vipimo ukiyapata nitumie mimi kwanza. Ukimwonyesha baba yako atakuagiza upake maji ya vitunguu. Amejaribu miezi sita, upara umebaki palepale na mto wake nimeutupa.

Mama yako