Barua kwa Mwanangu: Konstebo Asiyepata Usingizi

Mwanangu mpendwa,

Salaam kutoka Ujiji. Mama yako hajambo, uvimbe wa mguu umepungua, anakusalimu sana.

Barua yako nimeipata. Unasema tangu usiku ule wa ajali ya basi, konstebo wako aliyewatoa watoto ndani ya vyuma hali chakula, hapati usingizi, na akisikia harufu ya dizeli anatetemeka. Wenzake wanamwambia ajikaze kwa kuwa ni askari. Unauliza wewe mkuu wa kituo ufanye nini, na sisi wa zamani tulifanyaje.

La haraka kwanza: mwondoe kwenye silaha, leo hii. Mtu ambaye hajalala hakabidhiwi bunduki akakae lindoni usiku kucha na mawazo yake. Ila usitangaze mbele ya gwaride. Panga zamu upya, mweke kaunta mchana, kisha mwite faraghani umwambie kwa kinywa chako kwamba cheo chake hakijaguswa. Askari wengi huficha hali zao kwa sababu hiyo tu: wanaogopa kuandikwa vibaya kwenye faili na kurukwa kwenye kozi ya ukoplo. Ukimtoa hofu hiyo, mengine atakuambia mwenyewe.

Sisi tulifanyaje? Mei 2015 nilikuwa Kagunga, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika pale. Kile kijiji kimebanwa kati ya milima na ziwa, na kipindupindu kikaingia. MV Liemba ilikuwa ikibeba watu kama 600 kwa safari kuwaleta Kigoma mjini, na wagonjwa na watoto walifikishwa melini kwa mitumbwi. Mkuu wetu hakuwa mtu wa hotuba. Jioni alikaa nasi mchangani, akahakikisha kila mmoja amenawa na amekula ugali na dagaa, huku akitazama mikono yetu. Askari aliyeshindwa kushika kikombe bila kumwaga chai, kesho yake alipangiwa kuandikisha majina, asibebe tena maiti. Hakumhoji mtu ameona nini. Aliyetaka kusema alisikilizwa hata usiku wa manane. Aliyenyamaza aliachiwa kimya chake, lakini daima alikuwa na mwenzake ubavuni.

Miaka ya baadaye nilisoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, nikamkumbuka sana mkuu wetu yule. Mwongozo huo unasema tazama, sikiliza, unganisha na msaada, na unakataza kumshurutisha aliyepatwa asimulie. Kwa hiyo kile kikao unachotaka kuitisha, kila askari asimame aeleze alichokiona, kiache.

Hapo kwenye kuunganisha ndipo viongozi wengi tunapoishia njiani. Wengi hupata nafuu wenyewe ndani ya wiki chache, na dalili zikivuka mwezi huwa ni ugonjwa unaohitaji tiba. Huyu wako usimsubirishe mwezi, maana chakula hakipiti. Mpeleke mwenyewe hospitali ya Kitete hapo Tabora, nyote bila sare, aonane na wataalamu wa afya ya akili. Ukimtuma na barua ya ofisi ataona ameshtakiwa.

Mwangalie pia yule anayecheka kupita kiasi na kuanza pombe mapema. Wa Dawati la Jinsia na Watoto usiwasahau: wao hawakwenda kwenye ajali, lakini kila siku wanasikiliza mtoto akieleza alivyofanyiwa. Wabadilishie zamu, wapate likizo zao kwa wakati. Na mpigie simu mkuu wa zimamoto, vijana wake ndio waliokata yale mabati.

Kuhusu wewe, hukuandika hata mstari mmoja kama unalala. Nijibu hilo.

Kama konstebo ataridhia, nitapanda treni nije Tabora nikae naye siku mbili tatu. Kwangu hana saluti ya kupiga, huenda akaongea.

Baba yako