Konokono wa Tangini na Namna ya Kuzielewa Tabia Zao

Anayetaka kuwaelewa konokono wa tangi lake la samaki aanze kwa kujua ni wa aina gani, kwa sababu tabia ambayo kwa aina moja ni dalili ya hatari, kwa aina nyingine ni maisha ya kila siku. Konokono wakubwa wa jenasi ya Pomacea, kwa mfano, wana mashavu ya kupumulia majini na pafu pia. Ukimwona mmoja wao amepanda hadi karibu na uso wa maji, akachomoza mrija wake laini na kuanza kuusukuma mwili mbele na nyuma ndani ya gamba, usishtuke: anavuta hewa, na akishatosheka atarudi chini kuendelea kula. Wale wadogo wa jenasi ya Physella nao hupumua kwa pafu, hivyo kupanda juu ni kawaida yao.

Konokono ninaowaamini kuliko wote kunionya maji yakiharibika ni wale wembamba wenye gamba lililochongoka, Melanoides tuberculata. Hawa hawana pafu. Mchana hujifukia mchangani na usiku hutoka kutafuta chakula, na ukiwamulika kwa tochi utawaona wakitambaa kila mahali, vinywa vyao vikifunguka na kufumba wanapokwangua mwani kwenye kioo. Nikiwakuta mchana kweupe wamejazana karibu na uso wa maji, siwangojei samaki waanze kuhema ndipo nichukue hatua. Kwanza naangalia kama pampu ya hewa inafanya kazi na kama kichujio hakijaziba, kisha napima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu unaooza majini, na baada ya hapo nabadilisha sehemu ya maji kwa maji mapya yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana na lile la tangini. Mara nyingi chanzo huwa ni mabaki ya chakula yanayooza chini ya changarawe, mahali ambapo jicho halifiki.

Konokono anayeelea huwatia watu hofu bure. Wale wa Pomacea huweza kuelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yao, na wengine hujiachia tu kutoka juu ya kioo na kuanguka hadi chini bila kuumia. Kukaa kimya kwa siku moja au mbili pia si kifo. Mtoe, umnuse: aliyekufa hutoa harufu kali isiyoweza kukupotea, na kifuniko cha gamba lake huwa kimelegea. Kama bado una shaka, mweke peke yake katika bakuli lenye maji ya tangi hilohilo, umtazame kabla ya kumtupa. Nawasihi pia wasomaji wachunguze viambato vya dawa yoyote ya samaki kabla ya kuitia majini, kwani shaba, ambayo imo katika dawa nyingi za vimelea, huua konokono.

Wakizaliana kupita kiasi, wewe ndiye unayewalisha. Physella mmoja ana viungo vya kiume na vya kike na anaweza kujirutubisha mwenyewe, na jike wa Melanoides huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, hivyo kuwaokota mmoja mmoja hakusaidii ikiwa chakula cha samaki kinaendelea kubaki. Punguza chakula, nao watapungua.

Gamba nalo lina habari zake. Maji yenye asidi, ambayo pH yake iko chini ya 7, hulimung'unya taratibu, na dalili za kwanza huonekana katika ncha, ambayo ndiyo sehemu kongwe. Sehemu hiyo ikishaharibika haikui upya, kwa hiyo baada ya kurekebisha maji na kuongeza kalsiamu usiitazame ncha kutafuta nafuu. Tazama ukingo wa mdomo wa gamba, panapoota gamba jipya: ukiwa laini na mzima, maji yamekuwa sawa.